Kurasa Mbili kwa Mpigo

Baba yangu alinihamishia mwanamume wangu kiti cha nyuma siku mbili kabla ya sherehe, mbele ya okestra nzima, na hakunitazama usoni alipokuwa akifanya hivyo.

"Fundi," alisema, akigonga stendi yake kwa kile kijiti cha kuongozea, "chukua fidla yako ukakae safu ya mwisho. Daktari, wewe njoo huku mbele."

Basi. Hakutoa sababu, hakuomba radhi. Watu thelathini na wawili wakaanza ghafla kukagua viatu vyao. Fundi akainuka taratibu, akabeba fidla yake, akanitupia jicho moja lililonipita hadi kwenye mifupa, akaenda zake nyuma. Mimi nikabaki pale mbele na upinde mkononi. Upinde wa fidla hauna ncha kali, na hilo lilikuwa jambo la heri kwa kila mtu aliyekuwemo ukumbini.

Ngoja nieleze, maana naona umeshaniona mwanamke wa hasira za karibu. Ni kweli nina hasira za karibu, lakini sikiliza kwanza.

Wapiga fidla hukaa wawiliwawili, na kila wawili husoma noti kwenye stendi moja. Yule aliye upande wa wasikilizaji hupiga tu, haachi. Yule wa upande wa ndani ndiye mfungua kurasa: ukurasa ukikaribia kwisha anaacha kupiga, ananyoosha mkono, anafungua, anarudi kwenye fidla yake. Kazi ndogo, utasema. Thubutu! Akichelewa, mwenzake anabaki ameukodolea macho ukurasa uliokwisha. Akiharakisha, anamnyang'anya noti ambazo bado hajazipiga. Fundi Bomba alinifungulia kurasa miaka miwili mizima, na hata siku moja hakuchelewa wala hakuharakisha. Mwanzoni nilidhani ana macho makali. Baadaye nikagundua kwamba hata hatazami noti. Ananisikiliza ninavyovuta pumzi.

Sasa niambie, moyo gani huo wa kuvumilia mambo hayo kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka miwili? Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, na mimi nilikohoa mpaka okestra nzima ikajua.

Okestra yenyewe si ya watu wa kulipwa. Muuza nyama anapiga lile zeze kubwa la besi, dereva wa basi la shule anapuliza tarumbeta, muuguzi wa zahanati anapiga filimbi. Shangazi yangu, mwenye saluni, anagonga matoazi, na akiyagonga hata aliyelala mtaa wa pili anaamka. Mimi ni mshonaji. Wananiita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Baba ndiye aliyeianzisha okestra, mwaka mmoja baada ya mama kufariki, na ndiye anayeiongoza. Alifundisha hesabu maisha yake yote, kwa hiyo kila mtu humwita Mwalimu, na anatuongoza kwa sheria kama darasa. Sheria yake kubwa ni moja, na tunaijua kama majina yetu: kiongozi wa fidla akipotea, potea naye. "Bora tupotee wote pamoja," husema, "kuliko kila mtu kupatia kivyake."

Kiongozi wa fidla ni mimi.

Na kisa cha Fundi kupelekwa nyuma ni hiki. Jumatano jioni alikuja nyumbani, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akaomba kuzungumza na Baba. Mimi nikakimbilia jikoni. Nikafungua bomba nijifanye naosha vyombo, kisha nikalifunga ili nisikie.

"Mwalimu," alisema, "nimepata kazi. Wanajenga hospitali mpya mji wa mbali kidogo, mabomba yote nimepewa mimi. Miaka miwili. Naanza Jumatatu. Kabla sijaondoka, naomba wazazi wangu waje kuzungumza nawe kuhusu binti yako."

Nilisikia saa ya ukutani ikihesabu.

"Anayeaga haombi mke," Baba alijibu. "Anaaga tu. Safari njema, Fundi."

Sahani ilinitoka mkononi. Si kwa sababu ya jibu la Baba, maana huyo namjua. Ni ile habari ya kazi. Jumatatu! Miaka miwili! Mtu ninayekaa naye stendi moja, nami naisikia habari hiyo nikiwa jikoni na povu mpaka kwenye viwiko!

Sikumsemesha tena. Wala Baba sikumsemesha. Siku tatu nyumbani kwetu ilisikika cherehani peke yake.

*

Jumamosi ikafika, na soko kuu likatimiza miaka hamsini.

Loo, ungeliona! Wauzaji walikuwa wameosha sakafu toka alfajiri, nyanya zimepangwa vichuguu vichuguu, kila meza imevaa kitambaa kipya, na vitambaa vyote hivyo vilipita chini ya sindano yangu. Jukwaa lilisimamishwa pale wanaposhushia magunia ya vitunguu. Watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya mizani ya magunia. Mshereheshaji alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti tangu saa mbili, na hakuna aliyemsikiliza. Nilijaa furaha na ghadhabu, na sikujua ipi ni ipi.

Tulikuwa tukipangwa nyuma ya jukwaa Shangazi aliponishika kiuno.

"Mwanangu, uso gani huo? Tunasherehekea soko au tunalizika?"

"Shangazi, niache."

"Nikuache umfukuze mwenzako wa stendi? Daktari yule pale anakuogopa. Ananiuliza kama unauma."

"Mwambie nauma. Yeye si daktari wa meno?"

Shangazi akacheka mpaka matoazi yakalia yenyewe mikononi mwake. Kisha akanikazia macho. "Umeongea na fundi wako?"

"Sina fundi."

"Wee! Mimi nasuka watu miaka ishirini na tano. Mwanamke asiye na mtu hanyoi nyusi siku ya sherehe. Yuko kule kwenye magunia. Nenda ukamtukane kabla hatujaanza, maana ukipanda na hasira hiyo utakata nyuzi zote."

Nilienda. Nilijiambia naenda kumtukana.

Alikuwa amesimama kati ya magunia ya vitunguu, amevaa koti jeusi nililolipunguza mimi mwenyewe mabegani, na mkononi ameshika vibanio vinne vya nguo. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, na sisi tukipiga nje hubana noti kwa vibanio vya kuanikia nguo, la sivyo muziki wote hupeperuka na kuishia sokoni.

"Nimekuletea hivi," alisema. "Daktari hajawahi kupiga nje. Atasahau."

"Daktari ana vyake."

"Najua. Nilitaka sababu ya kukuona."

Nikajikaza kisabuni. "Umeniona. Umeridhika?"

"Mkasi..."

"Usiniite Mkasi! Jina hilo wananiita wanaonijua. Wewe unanijua? Mtu anayenijua angekuja kumweleza Baba habari ya kazi kabla ya kunieleza mimi?"

Akainamisha kichwa. "Barua ilifika Jumanne. Walitaka jibu siku ileile. Nikakubali. Nikasema nikija kwako na kazi mkononi na ruhusa ya Mwalimu mkononi, nitakuwa nimekuja kama mwanamume."

"Umekuja kama posta! Umeleta barua nyumba isiyo yake."

Alitaka kucheka, akajizuia, na mimi pia, na kule kujizuia kwetu kulikuwa kubaya kuliko kugombana. Tulitazamana. Ana kovu dogo juu ya nyusi, bomba lilimrukia zamani, na kwa miaka miwili nimekuwa nikilitazama kovu lile pembeni ya jicho kila nikimaliza ukurasa. Ilinijia kwamba Jumanne ijayo sitaliona.

"Nilikosa," alisema polepole. "Ningekuuliza kwanza. Sina la kujitetea."

"Sasa ndio unasema."

"Ndio nasema. Na nakuuliza leo, wewe, si Mwalimu. Jumatatu alfajiri naondoka. Unataka niwalete wazazi wangu, au hutaki?"

"Na Baba nimfanyeje? Nimkunje nimtie kwenye begi?"

"Sijasema umwache."

"Umesema miaka miwili! Nikiondoka anabaki na nani? Na saa ya ukutani?"

Akavigeuza vibanio mkononi mwake. Kule jukwaani muuza nyama alikuwa akijaribu besi yake, na mbao za jukwaa zikawa zinanguruma.

"Tukimaliza kupiga," Fundi akasema, "nipe jibu. Lolote. Ukisema hapana sitakusumbua, hata kwa simu. Lakini usininyamazie tena. Matusi yako nayaweza. Hicho kimya, hapana."

Akaniwekea vibanio kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili, akaenda kukaa nyuma. Sikumtukana. Nilisimama pale katikati ya vitunguu, na macho yakaniwasha, na sikuweza hata kuwasingizia vitunguu maana vilikuwa vimefungwa kwenye magunia.

*

Vipande viwili vya kwanza tulivipiga vizuri ajabu. Watu walipiga makofi, mama mmoja muuza mchicha akacheza na kapu kichwani, na mwenyekiti wa soko akasahau ukubwa wake akawa anatikisa mabega. Mwili wote ulinisisimka. Hakuna kitu duniani kama kupiga mbele ya watu wanaofurahi. Hata Daktari alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka.

Kisha Baba akainua mkono, na soko likatulia.

Kipande cha tatu kilikuwa chake mwenyewe. Alikitunga miaka mitatu, mezani jikoni, kwa penseli. Kinaanza na soko alfajiri, polepole, kabla watu hawajafika. Halafu wauzaji wanafungua. Halafu mnada, mbio mbio, kila ala inapiga kelele yake. Halafu wote pamoja. Baba hakuwahi kusema, lakini mimi najua alfajiri ile ni ya nani. Mama aliuza maua katika soko hili, meza ya tatu kutoka mlangoni, na alikuwa wa kwanza kufungua.

Tukaanza. Jamani, tulikianza vizuri! Fidla chini chini, besi ikitembea kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Nilimwona Baba amefumba macho.

Nami nikafanya kosa langu: nikamfikiria Fundi. Badala ya kusoma mbele, nikawa nasikiliza nyuma, nitafute fidla yake katikati ya zile nyingine. Noti nikazisoma kwa jicho tu, kama mtu anayeshona huku anapiga soga. Miaka miwili nilizoea kwamba ukurasa utafunguka wenyewe.

Daktari akanyoosha mkono. Akachomoa kibanio kwa nguvu, kama anayeng'oa jino. Upepo ukavuma. Ukurasa ukafunguka.

Zikafunguka mbili.

Jicho langu likaona mnada, mkono wangu ukapiga mnada. Kwa nguvu zote! Na fidla zilizokuwa nyuma yangu, nikadhani ni zote, kwa utiifu wa miaka kumi na mmoja, zikaruka pamoja nami. Kiongozi akipotea, potea naye. Tukapotea, tena kwa kasi!

Sisi tuko mnadani, muuza nyama bado yuko alfajiri. Tarumbeta ikaingia, ikasita, ikatoka. Shangazi akainua matoazi, akamtazama Baba, akayashusha. Nilimwona Baba akifumbua macho. Kijiti chake kiliendelea kwenda juu na chini, lakini hakikuwa kinamwongoza mtu yeyote. Uso wake nitaukumbuka hadi kufa. Miaka mitatu ya penseli, na ilikuwa inabomoka mbele ya soko lote, na anayeibomoa ni mimi.

Ndipo nikaisikia.

Ilitoka nyuma kabisa, fidla moja. Haikuwa kwenye mnada. Ilikuwa bado alfajiri, pale pale tulipotakiwa kuwa, inapiga bila haraka, bila kuyumba. Kumbe alikuwa amesimama ili asikike. Watu kumi walinifuata shimoni, na mmoja alikataa.

Nikainua upinde juu. Fidla zilizonifuata zikanyamaza, maana kiongozi amenyamaza. Soko likabaki na Fundi na besi tu. Baba akageuka. Alimtazama yule aliyemtupa safu ya mwisho, na sijui ni mengi gani yalipita kichwani mwake, lakini alinyoosha kijiti kuelekea kule nyuma na kuanza kumwongoza yeye, taratibu, kama hakuna mwingine jukwaani.

Nilifumba macho. Sikuhitaji ukurasa. Nilimsikiliza anavyovuta pumzi, mstari mmoja, mistari miwili, kisha nikaingia naye, na wote wakaingia nami. Daktari maskini akarudisha ukurasa wake kwa mikono yote miwili.

Kuanzia hapo, nikuambie nini? Tulipiga kama watu walioponea chupuchupu. Mnada ulipofika wakati wake halali, dereva wa basi alipuliza tarumbeta mpaka mishipa ikamtoka, Shangazi akagonga matoazi akaruka na miguu miwili, na tulipofika mwisho soko lililipuka. Makofi, miluzi, vigelegele, watu wanagonga sufuria! Mwenyekiti wa soko alikuwa analia waziwazi. Nilisikia mtu mbele akimwambia jirani yake, "Umesikia pale walipomwachia yule mmoja? Utunzi huo!"

"Tena! Tena!" watu wakaimba.

Baba akainama mara moja, akashuka jukwaani, akatuashiria mimi na Fundi kwa kidole kama watoto waliokosa darasani. Tukamfuata hadi kwenye magunia. Shangazi naye akaja, hakuitwa. Daktari akaja mbio nyuma yake.

"Mwalimu, ni mimi!" alisema akihema. "Kurasa mbili kwa mpigo. Mkasi hana kosa. Nilaumu mimi."

"Nimeona, Daktari," Baba akamjibu. "Wewe pia huna kosa. Kosa ni la aliyepanga viti." Akamgeukia Fundi. "Sheria ya kiongozi unaijua?"

"Naijua, Mwalimu."

"Iseme."

"Kiongozi akipotea, potea naye."

"Umeivunja. Mbele ya mji mzima."

"Nimeivunja."

"Kwa nini?"

Fundi hakunitazama mimi, alimtazama Baba. "Tungepotea sote, angerudi wapi? Nilibaki pale ili akitaka kurudi, anikute."

Shangazi akaziba mdomo. Mimi niliegemea gunia la vitunguu. Miaka miwili mtu huyu alikuwa akinifungulia kurasa na hajawahi kuniambia neno la mapenzi lililonifikia kama lile, na analisema kwa baba yangu!

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. "Na Jumatatu unaondoka."

"Naondoka, Mwalimu. Lakini sikuja kumchukua mtu. Niliomba wazazi waje tu. Yaliyobaki ni yake yeye."

"Ni yake," Baba akarudia, kana kwamba ni jibu la hesabu ambalo hakulitarajia. Kisha akanigeukia. "Mama."

Huniita hivyo mara chache sana. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya mazishi.

"Mama, unataka kwenda?"

"Nataka, Baba." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nampenda, nataka. Na naogopa kukuacha. Yote mawili ni kweli."

"Mimi si mgonjwa."

"Baba, wiki iliyopita ulikunywa chai ya chumvi! Hujui hata sukari inakaa wapi."

"Nitauliza."

"Utamuuliza nani?"

Kule mbele watu walikuwa bado wanaimba "Tena! Tena!" Shangazi aligeuka akajifanya anakagua matoazi. Nilijuta papo hapo, nikataka kuyarudisha maneno yangu, lakini yalikuwa yameshatoka, na ndiyo yaliyokuwa yamekaa kati yetu siku zote tatu.

Baba akasogea, akanishika mkono, ule wa upinde, wenye sugu za mkasi na sugu za fidla. "Kwa hiyo ndivyo ilivyo," alisema. "Si kazi yake niliyoikataa. Ni hilo swali." Akamtazama Fundi. "Waambie wazazi wako waje kesho saa nne. Saa nne ni saa nne, si saa nne na nusu."

"Ndiyo, Mwalimu! Asante, Mwalimu!"

"Usinishukuru mimi. Hujajibiwa bado."

Na kweli, hakuwa amejibiwa. Alinigeukia.

"Sikiliza," nikamwambia. "Siku yoyote ukipata barua, ya kazi, ya safari, ya shari au ya heri, wa kwanza kujua ni mimi. Si Baba, si mama yako. Mimi. Unaapa?"

"Naapa."

"Nitakuja nikishamaliza nguo za wateja na nikishamfundisha mtu wa kuongoza fidla. Miezi miwili. Utangoja?"

"Hata minne."

"Miwili, nimesema! Minne ya nini? Walete wazazi. Ndiyo. Jibu ni ndiyo."

Shangazi alipiga kigelegele hadi magunia yakasikia, na Daktari akapiga makofi peke yake mpaka akaona aibu. Fundi alinitazama tu. Hakunigusa, kwa heshima ya Baba, lakini jinsi alivyonitazama nilihisi nimekumbatiwa. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, pua inanitiririka, koti langu limeshika vumbi la vitunguu, na sikujali.

"Tena! Tena!"

"Twendeni," Baba akasema. "Wanatuita." Lakini hakusogea. Alikuwa bado ameshika mkono wangu, anautazama.

"Nikikosa sukari," akasema polepole, "nikikupigia simu kule, utapokea?"

"Baba! Nipigie kila jioni. Kila jioni nitapokea."

Akafikiri, akatikisa kichwa.

"Si kila jioni. Jumanne na Alhamisi nina mazoezi."